Hesabuni miaka, si miche: barua ya wazi kuhusu chanzo cha Kinyasungwe

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa maji, misitu na ardhi ya sehemu ya juu ya bonde la Kinyasungwe,
Ofisi zenu mnazijua wenyewe,
DODOMA.

YAH: UOTO WA VILIMA VYA CHENENE NA MAKORONGO YANAYOLISHA MAKUTUPORA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa uwele na alizeti upande wa kaskazini mwa jiji, na niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji. Niseme kwanza kwa nini barua hii haikuja kwenye bahasha. Zilizokuja kwenye bahasha mnazo. Kamati yetu iliandika kwa kufuata ngazi, kijiji hadi kata, kata hadi wilaya. Barua zikapigwa mhuri wa kupokelewa na mambo yakaishia hapo. Tulipofuatilia tuliambiwa jalada liko kwa mtaalamu. Mtaalamu akasema limerudi masijala. Sina ugomvi na karani wa masijala, maskini, yeye hutunza anachopewa. Ila nimeona afadhali sasa niandike mahali ambapo kila mtu atasoma, ili na jibu likija lisomwe na kila mtu.

Kwa msomaji asiye wa huku, Kinyasungwe ni mto ambao wengi huuvuka bila kujua kuwa wamevuka mto. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, ng'ombe wanapita, watoto wanachezea mpira. Makorongo yanayoanzisha tawi lake dogo hushuka kutoka vilima vya Chenene na majirani zake, yakaingia bonde la Makutupora, kwenye visima vya Mzakwe ambavyo kwa miaka mingi ndivyo vimelinywesha jiji hili. Mto unaendelea hadi Hombolo, matawi mawili yanakutana, unashika mashariki kupitia Gulwe, unaungana na Mkondoa upande wa Kilosa, na mbele zaidi unaitwa Wami hadi unapomwaga maji baharini karibu na Saadani. Kwa hiyo tunapotaja chanzo cha mto hatuzungumzii chemchemi yenye migomba pembeni kama za Uluguru. Chanzo chetu ni mteremko wenye miyombo na vichaka juu, na mchanga chini. Uoto ukiondoka pale juu hakuna chemchemi itakayokauka mtu akaipiga picha, na ndiyo maana imekuwa rahisi kwenu kutuambia kwamba hakuna kilichoharibika.

Lalamiko letu, ukilikamua, ni moja: mnausimamia uoto wa chanzo hiki kwa kalenda ya mwaka wa fedha, ilhali wenyewe unaishi kwa kalenda ya mvua kubwa zinazokuja mara chache katika umri wa mtu. Mengine yote yanatokana na hilo. Nayapanga kwa namba, kama tulivyofundishwa kuandika barua za serikali.

1. Mvua ya wastani hainyeshi

Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote katika msimu mmoja unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi hadi msimu mwingine. Jua na upepo wa huku vina uwezo wa kukausha maji zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Namba hizi mnazo kwenye kila andiko la mradi, kurasa za mwanzo kabisa. Kisichoandikwa ni kwamba wastani huo ni wa kwenye karatasi. Kinachotufikia sisi ni miaka kadhaa ya upungufu, mmoja wa kuridhisha, ukame wa Februari unaochoma mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, halafu kuna mwaka inakuja masika kama ile ya El Niño ya 1997/98, inayobomoa madaraja na kujaza kila shimo.

Uoto unaitikia mambo haya kwa kasi tofauti. Nyasi huitikia ndani ya wiki chache, na hazikumbuki. Mwaka mbaya zinatoweka, mwaka mzuri zinarudi kama mbegu ingalipo udongoni. Vichaka vya mikole na mikwata vinahitaji misimu kadhaa. Miti ndiyo inayobeba historia. Mbegu ya mgunga huota mwaka wowote wenye mvua, lakini mche wake hauvuki kiangazi cha kwanza kama mzizi haujashuka hadi kwenye unyevu, na hauvuki cha pili kama mbuzi wameukuta. Ukiona mlimani kundi la miti ya rika moja, mara nyingi unaangalia misimu mizuri miwili au mitatu iliyofuatana, pengine kabla hujazaliwa. Mibuyu ya Ugogo inayopigwa picha na wageni iliota kwa mvua ambazo hakuna ofisi iliyozipima. Nendeni kwenye mashamba hayohayo mkatafute mibuyu michanga, kisha mniambie mmeona mingapi.

Maji ya chini ya ardhi nayo yanaishi kwa kalenda hiyohiyo, na hapa nina ushahidi ambao hamwezi kuukataa kwa sababu ni wa kwenu. Kina cha maji ya Makutupora kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Ni mojawapo ya kumbukumbu ndefu kabisa za aina hiyo katika nchi zote za joto, na zilipochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature Climate Change, dunia nzima ilijifunza kitu kutoka Dodoma. Zilionyesha kwamba bonde halijazwi kidogokidogo kila mwaka. Kina hushuka polepole misimu mingi mfululizo, halafu masika moja nzito inakipandisha kwa mkupuo, na ya 1997/98 ndiyo iliyopandisha kuliko zote. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji hayo huzama kupitia mchanga wa mito hii ya msimu, wakati korongo linapotiririka.

Sasa unganisheni mambo hayo mawili. Siku ile kubwa inapofika, linalotazamwa ni hali ya mteremko siku hiyo. Kama kuna nyasi, visiki vilivyochipua na majani makavu chini, maji yanashuka kwa adabu, yanakaa kwenye mchanga siku nyingi na kuzama. Kama ni udongo mtupu uliokanyagwa na kwato, yanashuka yote kwa saa chache yakiwa na tope, tope linaziba mchanga, na maji yanakwenda kuwa msiba wa watu wa Kilosa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaliyong'oa reli kati ya Gulwe na Kilosa yalibeba maji ya bonde hilihili. Na bwawa la Ikowa kule Chamwino, lililojengwa 1957, lilianza kujaa udongo mapema kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walikuja kulipima kama mfano wa mmomonyoko. Mvua inayoweza kutujazia hazina ya miaka kumi ndiyo hiyohiyo inayoweza kutuharibia bwawa. Tofauti inaamuliwa juu mlimani, na inaamuliwa miaka kadhaa kabla ya mvua yenyewe.

Na mvua hizo hazizuki tu. Maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wetu, yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, Afrika Mashariki hulowa. El Niño nayo husukuma upande huohuo kaskazini mwa nchi, wakati kusini mwa Afrika hukausha. Dodoma tuko katikati ya pande hizo mbili, kwa hiyo utabiri kwetu una shaka kuliko kwa watu wa Ziwa, na hilo nalikubali. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa msimu kabla haujaanza. Tuliuliza kwa maandishi: ikitangazwa kwamba msimu ujao unaweza kuwa wa mvua kubwa, mnafanya nini tofauti kule juu? Hatujajibiwa. Naamini hatujajibiwa kwa sababu hakuna kinachofanyika tofauti.

2. Picha mbili za setilaiti

Katika kikao kimoja cha wadau tulionyeshwa ukutani picha mbili, moja ya zamani ya kijani na moja ya karibuni ya kahawia, tukaambiwa hayo ndiyo mabadiliko ya uoto wa bonde. Mzee mmoja aliuliza picha hizo zilipigwa mwezi gani na baada ya msimu gani. Mtoa mada akasema swali ni zuri, akaendelea na slaidi iliyofuata.

Picha za Landsat zipo tangu 1972, na tungeweza kuziangalia zote. Kuchagua mbili tu, ya Machi 1998 baada ya El Niño na ya Machi 2006 katikati ya ukame, ni sawa na kumpima ng'ombe uzito akitoka kunywa, kisha kumpima tena akirudi malishoni na kiu, halafu kumshitaki mchungaji kwamba amemwibia kilo. Kilichobadilika hapo ni mvua. Ili kuona uoto wenyewe umebadilika kiasi gani lazima kwanza uondoe sehemu inayoelezwa na mvua ya msimu huo na ya msimu uliotangulia. Kinachobaki ndicho cha kujadili. Na hata hicho kinadanganya. Mteremko uliolishwa kupita kiasi hukosa nyasi, ukikosa nyasi moto haupiti, moto usipopita vichaka vya miiba vinafunga, na hewa ya ukaa inayoongezeka angani nayo huvinufaisha vichaka kuliko nyasi zetu za joto. Kutoka juu panaonekana kijani. Ukifika chini, udongo ni mtupu katikati ya mikwata na ng'ombe hapati hata tonge. Kijani cha namna hiyo kimewahi kuandikwa kwenye ripoti kama mafanikio.

3. Miche

Nchini kote kila halmashauri inatakiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Tangu 2017 tumekuwa pia na kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani. Nia siipingi, na sehemu za mjini kivuli kimeongezeka, mwenye macho anaona. Ninachopinga ni kulihamishia bao hilohilo la kuhesabia kule kwenye chanzo cha mto.

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliokusanya takwimu za maeneo 854 ya savana barani Afrika. Ulionyesha kwamba mahali ambapo mvua ya mwaka haifiki milimita 650 hivi, mvua yenyewe ndiyo inayoweka kikomo cha miti ambayo ardhi inaweza kuibeba. Moto, mifugo na shoka vinaweza kupunguza chini ya kikomo hicho, lakini hakuna anayeweza kukivuka. Sisi tuko chini ya 650. Huwezi kuagiza msitu mahali ambapo mvua imekataa, hata uagize kwa waraka. Miche inapandwa siku ya mgeni rasmi, inahesabiwa siku hiyo, inapigwa picha siku hiyo, na Agosti ni vijiti. Msimu unaofuata inapandwa mingine kwenye mashimo yaleyale na kuhesabiwa upya. Kwa hesabu za makaratasi, vilima vyetu vingekuwa Kongo.

Halafu kuna suala la kinachopandwa. Miti nayo hunywa. Utafiti wa Burkina Faso uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kwenye nchi kavu kama hizi, maji mengi zaidi huzama ardhini pale penye miti ya kiasi: pakiwa patupu maji yanakimbia au kukauka juu ya ardhi iliyogandamana, pakisongamana miti inayamaliza yenyewe. Kuleta mikaratusi kwenye kingo za korongo linalolisha visima ni kujichimbia kisima kinachonyonya kisima.

Wakati huohuo, ardhini kwenye vilima hivyo kumejaa visiki hai vya miti ya asili, vyenye mizizi iliyokwisha kufika kwenye unyevu muda mrefu uliopita. Kisiki cha namna hiyo kinataka kuchaguliwa machipukizi mawili au matatu, kupogolewa mengine, kufungwa alama ili mchoma mkaa ajue kina mwenyewe, na kulindwa na mbuzi. Wakulima wengi wa Dodoma, Mpwapwa na Kongwa wameshajifunza jambo hili na linakwenda. Gharama yake haifiki ya kuotesha miche kwenye viriba. Lakini kisiki kilichochipua hakihesabiki kwenye fomu yenu, maana fomu ina safu moja tu, "idadi ya miche iliyopandwa". Bwana shamba wetu alituambia wazi kwamba akiripoti visiki ataulizwa miche iko wapi.

4. Kongwa na Kondoa

Kila tukilalamika tunapewa moja kati ya majibu mawili. La kwanza, "ni mabadiliko ya tabianchi, hata Ulaya wanalia". La pili, "ni ninyi wenyewe, na hao wafugaji". Majibu haya hutolewa na ofisi moja, wakati mwingine na mtu mmoja, kutegemea kama siku hiyo kinachotafutwa ni fedha za mradi au mtu wa kutoza faini. Niruhusuni nitumie historia ya mkoa huu wenyewe kuyapima.

Kongwa, 1947. Serikali ya Uingereza ilileta matrekta ya kung'oa pori ili kulima karanga kwenye mamilioni ya ekari. Walikuwa na fedha, walikuwa na mashine, walikuwa na wanajeshi wa zamani waliozoea amri. Walifyeka. Mvua ikawakatalia, udongo ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, na kufikia 1951 mpango ulifungwa ukiwa umeteketeza makumi ya mamilioni ya pauni. Wenyeji wangeweza kuwaambia. Ni watu waliokuwa wamepitia njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920 na walijua mvua ya huku ina tabia gani. Kongwa inatuonyesha dari. Tabianchi ya hapa ina kiwango chake, na mwenye kupanga lazima apange chini yake.

Kondoa, 1979. Chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika la kilomita za mraba 1,256. Hadi wakati huo makorongo yalikuwa yamekula vilima, mchanga mwekundu umefunika mashamba. Mvua haikuongezwa hata tone. Lakini nyasi zilirudi, visiki vikachipua, miyombo ikasimama, makorongo mengi yakatulia. Kama lawama yote ingekuwa ya tabianchi, hilo lisingetokea.

Naomba msininukuu nusu. Sisemi rudieni 1979. Kule watu waliamka wakaambiwa mifugo itoke; wengine walipeleka ng'ombe kwa ndugu na hawakuwaona tena, wengine walihama, na unafuu wa ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani ulikuja karibu miaka kumi baadaye. Tena Kondoa inapata mvua zaidi yetu, hivyo kupona kwake kulikuwa na msaada ambao Makutupora haina. Ninachosema ni kwamba mkoa mmoja umetupa dari na sakafu. Tabianchi inaweka kikomo cha juu cha uoto na inapanga ni miaka ipi utapanda au kushuka; sisi tunaamua utakuwa umbali gani chini ya kikomo hicho mwaka wa mvua kubwa unapofika. Anayesema ni tabianchi tupu anakwepa kazi. Anayesema ni wafugaji tupu anatafuta wa kumlaumu ambaye hakualikwa kikaoni, na kwa kweli hakuwahi kualikwa: kwenye vikao nilivyohudhuria sikumwona mfugaji hata mmoja mezani, ingawa ajenda ilikuwa yeye.

5. Mchanga na viwanja

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu mnajua kila kitu. Jiji lilikuwa na watu 410,956 kwenye sensa ya 2012. Kwenye sensa ya 2022 wakawa 765,179. Nyumba zao zinajengwa kwa mchanga, na tipa zinaufuata kwenye makorongo usiku na mchana. Mchanga huo ndio mlango ambao maji ya mvua kubwa huingilia kwenda chini. Ukiuondoa hadi kwenye tope au mwamba, mlango umefungwa, na kingo zinabomoka na miti yake. Sambamba na hilo viwanja vinapimwa hadi kwenye mapito ya maji, mahali ambapo mwenye umri wangu ameona mto ukipita. Kwa kuwa mto haukupita pale miaka kadhaa, ramani imeshausahau.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli zinazoathiri chanzo cha maji ndani ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaruhusu kutenga maeneo ya kulinda vyanzo, pamoja na vya chini ya ardhi. Mkulima wa mchicha na nyanya hung'olewa bustani yake kwa kutumia hizo mita 60. Tipa inapita palepale na risiti ya ushuru.

Najua mtakachojibu. Mtasema bajeti haitoshi. Kuchapisha namba ambazo zimeshapimwa hakuhitaji bajeti mpya, na kubadilisha safu kwenye fomu kunahitaji kalamu. Mtasema Farkwa inakuja, bwawa la Mto Bubu litamaliza shida ya maji ya jiji. Inshallah lije, tumelisubiri muda mrefu na hatulipingi. Lakini Bubu nao una chanzo, kwenye vilima vya upande wa Kondoa, wenye mvua ya tabia ileile, na aliyeona Ikowa hawezi kuacha kuuliza nani anashughulikia miteremko ya juu kabla ukuta haujajengwa. Mtasema pia kwamba mambo haya yanahitaji utafiti zaidi. Utafiti haujawahi kuwa mwingi kupita kiasi, ila uliopo umefanyika kwenye visima vyenu, kwenye mabwawa yenu na kwenye vilima vyetu. Tunaomba usomwe kwanza.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

(a) Takwimu za mvua za vituo vya bondeni na za kina cha maji Makutupora zitolewe hadharani kila robo mwaka, kwa Kiswahili, na nakala ibandikwe kwenye ofisi za vijiji vya juu. Tukiona kina kinavyoshuka tutaelewa kwa nini tunaombwa kuacha jambo fulani. Kwa sasa tunaombwa tu.

(b) Kwenye kata za chanzo, lengo la miche libadilishwe. Kihesabiwe kilicho hai baada ya misimu mitatu, na visiki hai vilivyotunzwa vihesabiwe sawasawa na mche. Mikaratusi isipandwe kwenye kingo za makorongo haya.

(c) Vipande vya korongo vinavyozamisha maji vichorwe, vitajwe kwa majina ambayo wenyeji wanayatumia, na uchimbaji wa mchanga uhamishiwe kwingine. Sehemu za kuchimba zipo, wenye tipa wenyewe wanazijua; wanapenda hapa kwa sababu ni karibu na lami. Upimaji wa viwanja kwenye mapito ya mafuriko usimame hadi ramani hiyo ikamilike.

(d) Uandikwe mpango wa mvua kubwa. Mwelekeo wa msimu ukionyesha dalili zake, makinga maji yachimbwe na kufufuliwa kabla ya Desemba, mashimo ya mchanga yafungwe, na kingo dhaifu zishughulikiwe. Mvua ikishapita, vilima vilivyochaguliwa vipumzishwe misimu miwili, maana hapo ndipo miche ya asili inapata nafasi ambayo haitarudi kwa miaka mingi. Kupumzisha huko kupitishwe kwa sheria ndogo za vijiji, wafugaji wakiwa mezani tangu siku ya kwanza, na njia ya mifugo kwenda maji na malisho mbadala vikiwa vimekubaliwa kabla ya kufunga chochote. Hili ndilo ombi letu kubwa kuliko yote, na likitimizwa peke yake tutawasamehe mengine kwa muda.

(e) Mtu akituonyesha picha za setilaiti, atuonyeshe za miaka yote na mvua ya kila mwaka pembeni.

Tunaomba jibu la maandishi, lenye jina la anayehusika na tarehe ya kuanza kwa kila kipengele, kabla ya msimu ujao wa mvua kuanza. Jibu la "linafanyiwa kazi" tutalichukulia kuwa si jibu, na tutaomba mkutano wa hadhara hapa kijijini, chini ya mkwaju wa ofisi, ambako viti vipo vya kutosha na wafugaji watakuwepo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima, na mjumbe wa zamani wa kamati ya mazingira ya kijiji,
Kaskazini mwa Jiji la Dodoma.

Nakala:
Serikali za vijiji vya juu vya Kinyasungwe Ndogo
Wenzetu wa Gulwe na Kilosa, wanaopokea maji tunayoshindwa kuyashika
Wakazi wa jiji wanaokunywa maji ya Mzakwe